Azathioprini au rituksimabu: swali tulilopewa tukaongee nyumbani

Dokta aligeuza karatasi ya dawa upande wa nyuma, akapiga mstari katikati, kushoto akaandika azathioprini, kulia akaandika rituksimabu. Akamsogezea dada yangu, ambaye ugonjwa wake wa mishipa ya damu ulikuwa umetulizwa.

"Zote zinaweza kukulinda ugonjwa usirudi," akamwambia, "ila hazilindi sawa na hazina gharama sawa. Nendeni mkaongee nyumbani, mkirudi mniambie mmeamuaje."

Dada akasema asante dokta, akaikunja ile karatasi akaitia kwenye pochi. Kwenye daladala hakuna aliyeongea.

Tangu siku hiyo hili jambo limenikaa kichwani sana, nikiwa kazini nalifikiria, nikilala nalifikiria, mpaka nikaanza kusoma tafiti zenyewe usiku watoto wakishalala. Mimi sio daktari. Ni mhasibu, namba ndio kazi yangu, na nikajiambia kama kuna kitu naweza kumsaidia dada hapa basi ni kuzisoma hizo namba vizuri kabla mtu yeyote hajatoa hela wala hajameza kidonge. Naandika haya kwa sababu najua kuna familia nyingine imekaa sebuleni na swali hilihili na hamna mtu wa kuwaelezea kwa Kiswahili.

## Kutulia sio kupona

Mnaofuatilia blogu hii mnajua safari ya dada: kukohoa damu, picha ya kifua yenye matundu, dozi ya TB ambayo haikubadilisha kitu, halafu figo zikaanza kuchoka ndipo mtu mmoja akawaza kupima ANCA, kingamwili zinazogeukia mwili wenyewe. Ikatoka aina ya PR3. Vaskulaitisi, ile aina wanayoiita GPA, kinga ya mwili inashambulia mishipa midogo ya damu ya mtu mwenyewe. Akapigwa dripu za siklofosfamidi, dawa kali ya kushusha kinga, na prednisoloni (steroidi) nyingi mpaka uso ukavimba, na ugonjwa ukatulia.

Ukatulia. Sijasema ukaisha.

Na hapa ndipo vikao vya familia vilipokuwa vigumu, kwa sababu mjomba anamwona dada anatembea, anapika, anacheka, anauliza kwa dhati kabisa, "Huyu si ameshapona, sasa dawa za nini tena, mnataka kumharibu ini?" Anauliza kwa upendo. Mimi nilimjibu kwamba ni moto uliofunikwa na majivu, ukiuona kwa juu unadhani umezimika. Akanyamaza ila sidhani kama alikubali.

Ukweli ni kwamba historia ya ugonjwa huu ndiyo inayomjibu vizuri zaidi. Kabla ya dawa, ripoti ya Uingereza ya mwaka 1958 ilionyesha wagonjwa waliishi kwa wastani miezi 5 tu tangu ugonjwa uanze, na zaidi ya asilimia 80 hawakumaliza mwaka. Miaka ya 1970 Anthony Fauci (ndiye yuleyule wa wakati wa Korona) na mwenzake Sheldon Wolff kule Marekani wakaanza kutumia siklofosfamidi pamoja na steroidi, na watu wakaacha kufa. Ilikuwa kama muujiza. Ila mwaka 1992 kundi la Fauci likatoa hesabu ya wagonjwa 158 waliofuatiliwa kwa miaka mingi, na nusu ya waliotulia kabisa ugonjwa uliwarudia. Na dawa yenyewe ilikuwa imeacha alama: saratani ya kibofu, maambukizi makali, na zaidi ya nusu ya wanawake waliokuwa na umri wa kuzaa walipoteza uwezo huo.

Sehemu hiyo ya wanawake niliisoma mara mbili. Dada ana miaka 31.

## Vidonge viwili vinavyolingana na kimoja kilichoshindwa

Kwahiyo tangu hapo swali la madaktari likawa: ukishamtuliza mtu kwa dawa kali, unamshikilia na nini?

Mwaka 2003 ukatoka utafiti wa Ulaya unaoitwa CYCAZAREM. Wagonjwa 144 waliotulia, nusu wakaendelea na siklofosfamidi, nusu wakahamishiwa azathioprini mapema. Baada ya miezi 18 waliorudiwa na ugonjwa walikuwa asilimia 13.7 upande wa siklofosfamidi na 15.5 upande wa azathioprini, yaani hamna tofauti ya maana. Hicho ndicho kilichookoa vibofu na mifuko ya mayai ya watu wengi sana, na azathioprini ikawa dawa ya kila mtu. Ni dawa ya zamani, ilitoka kwenye maabara ya Gertrude Elion na George Hitchings ambao walipata Nobeli mwaka 1988, na kabla ya hapo ilishatumika miaka mingi kuzuia mwili usikatae figo iliyopandikizwa. Inazuia seli zinazogawanyika haraka zisitengeneze DNA. Vidonge vya kila siku, bei ambayo familia ya kawaida inaweza kupambana nayo.

Mwaka 2008 Wafaransa wakailinganisha na metotreksati kwa wagonjwa 126 wakidhani metotreksati ingekuwa salama zaidi, haikuwa hivyo, zikalingana. Mwaka 2010 ikaja mikofenolati, dawa mpya zaidi na watu walikuwa na matumaini nayo, ikashindwa waziwazi: asilimia 55 walirudiwa, dhidi ya 37.5 kwa azathioprini. Nilifurahi kuona hilo, kwa sababu mtu unazoea kudhani kipya lazima kiwe bora.

Na kuna Septrin. Ndiyo, Septrin hizihizi ambazo kila kliniki ya VVU inagawa. Mwaka 1996 Waholanzi waliwapa wagonjwa 81 wenye GPA, nusu Septrin nusu vidonge visivyo na dawa, na baada ya miezi 24 asilimia 82 ya waliomeza Septrin walikuwa bado wametulia dhidi ya 60. Ila ulinzi wenyewe ulionekana zaidi puani na kwenye njia ya juu ya hewa, kwahiyo hamna anayemwachia Septrin peke yake kazi ya kulinda figo. Dada anaimeza kwa sababu nyingine, kukinga mapafu yasipate nimonia ya fangasi wakati kinga iko chini.

## Tano kwa ishirini na tisa

Halafu nikafika kwenye MAINRITSAN.

Ufaransa, mwaka 2014, wagonjwa 115, wote walitulizwa kwa siklofosfamidi kama dada. Wengine wakapewa azathioprini, wengine dripu za rituksimabu za miligramu 500: mbili mwanzoni zikiachana wiki mbili, kisha mwezi wa 6, wa 12 na wa 18. Rituksimabu haizisubiri seli zigawanyike, inazishika zile seli B (aina ya chembe nyeupe za kinga) moja kwa moja na kuziondoa kwenye damu, na seli B ndizo zinazozaa zile zinazotengeneza ANCA.

Mwezi wa 28 wakahesabu. Waliorudiwa vibaya: asilimia 5 kwa rituksimabu. Asilimia 29 kwa azathioprini.

Nilikaa kimya nikiangalia simu.

Kwenye kazi yangu ukiona tofauti ya namna hiyo kati ya vitabu viwili hulali, unajua kuna kitu. Usiku uleule nikamtumia dada ujumbe wasap, nikamwambia tunatafuta hela, tuuze kile kiwanja cha Kibaha kama itabidi. Hakujibu. Asubuhi akaandika tu, "Nimeona mdogo wangu."

## Nilipoanza kutafuta tundu

Nilipotulia nikarudi kusoma ile karatasi polepole, na kiukweli sehemu yangu moja ilikuwa inataka kukuta kasoro, maana kasoro ingetubakishia kiwanja.

Na nikaikuta. Au nilidhani nimeikuta.

Kwenye utafiti ule azathioprini haikuachwa ifanye kazi mpaka mwisho. Mwaka wa kwanza walimeza miligramu 2 kwa kila kilo, kisha ikapunguzwa ikawa 1.5, ikawa 1, mwezi wa 22 ikakatwa kabisa, na hesabu ikapigwa mwezi wa 28. Rituksimabu ya mwisho ilitolewa mwezi wa 18 lakini athari yake hukaa mwilini miezi sita na zaidi, seli B hazirudi haraka. Kwahiyo unapohesabu unalinganisha mtu ambaye ulinzi bado haujamwisha na mtu aliyeachishwa kidogokidogo. Nikasema hapa sio haki. Nikamwandikia hadi rafiki yangu mmoja mfamasia, akanijibu hoja yako ina mashiko, hata wataalamu waliisema.

Siku mbili tatu nilikuwa na amani. Azathioprini inatosha, kiwanja kinabaki.

Halafu nikakutana na RITAZAREM ya mwaka 2023, ya nchi kadhaa, wagonjwa 170, 85 kila upande, na hapa azathioprini ilipewa nafasi yake kamili, dozi kubwa bila kupunguzwa mpaka mwezi wa 24. Rituksimabu ikashinda tena, na hatari ya kurudiwa ilishuka kwa karibu asilimia 59. Tundu langu likazibwa.

Ila sio lote. Wale wa RITAZAREM wote walikuwa watu ambao ugonjwa ulishawahi kuwarudia, na walitulizwa kwa rituksimabu. Dada ni mara yake ya kwanza, na alitulizwa kwa siklofosfamidi. Utafiti mmoja unamfanana kwa namna alivyotulizwa lakini azathioprini yake ilikatwa mapema, mwingine umeitendea haki azathioprini lakini wagonjwa sio kama yeye. Hamna karatasi hata moja yenye jina la dada yangu juu yake, na hilo lilinichukua muda kulikubali kuliko namba zote.

## Ukiacha je

Nikawa bado najiuliza kuhusu mjomba. Kwa sababu mjomba, bila kujua, alikuwa ameuliza swali zito kuliko langu: mpaka lini?

REMAIN, 2017, wagonjwa 117 waliokuwa wametulia kwa azathioprini na prednisoloni kidogo. Kundi moja likaacha kwenye miezi 24 hivi, lingine likaendelea hadi 48. Waliorudiwa kati ya walioacha ni asilimia 63. Kati ya walioendelea, 22. Na figo za watu wanne zilikufa kabisa, wote wanne wako kwenye kundi la walioacha.

Hiyo namba ya wanne nilimsomea mjomba kwa simu. Alikaa kimya kidogo halafu akauliza, "Sasa hizo dawa huku zinapatikana kila mwezi?" Nikaona amebadilika, ameacha kuuliza kwa nini anameza, anauliza atameza vipi.

Rituksimabu nayo ni vilevile. MAINRITSAN 3 ya mwaka 2020 iliwachukua watu 97 waliomaliza miezi 18 ya mwanzo, ikawagawa tena, wengine wakaendelea na dripu kila miezi sita, wengine wakapewa dripu zisizo na dawa. Walioendelea, asilimia 96 hawakurudiwa. Walioachishwa, 74. Na ukiwafuata wale wa kwanza kabisa wa mwaka 2014 hadi miezi 60, waliokuwa hawajapata kurudiwa kwa aina yoyote, kubwa wala ndogo, ni asilimia 57.9 kwa rituksimabu na 37.2 kwa azathioprini. Bado rituksimabu iko mbele, na hata vifo vilikuwa upande wa azathioprini. Ila ona jinsi ile 5 ya mwanzo isivyobaki 5. Dawa ikiondoka mwilini ugonjwa unaanza kunyanyuka, iwe ya bei gani.

Kwahiyo nikaanza kuona kwamba kuuliza ipi bora peke yake hakutoshi, lazima uulize ipi utaweza kukaa nayo miaka minne bila kukatika. Kununua dripu mbili za rituksimabu kwa kuuza kiwanja halafu ya tatu ukakosa, sio kitu ambacho utafiti wowote kati ya hivi ulikipima.

## Swali la dada

Jumapili moja nilikwenda kwake na daftari langu, nimechora majedwali. Akanisikiliza vizuri, akamenya viazi huku ananisikiliza, nilipomaliza akasema, "Hao azathioprini walikuwa wangapi?"

Nikamwambia 58, waliorudiwa vibaya ni 17.

"Kwahiyo 41 hawakurudiwa vibaya."

Nikasema ndiyo.

"Hao hujaniambia habari zao hata kidogo."

Nilitaka kumjibu kwamba sio hivyo, kwamba kati ya kila watu wanne wanaopewa rituksimabu badala ya azathioprini mmoja anaepushwa na balaa, na huyo mmoja anaweza kuwa wewe, na una PR3 ambayo inajulikana hurudi zaidi kuliko MPO, ile aina nyingine ya ANCA. Nikamwambia yote. Akatikisa kichwa, anaelewa, ni mwalimu wa hesabu huyu, hakuhitaji mimi.

Kisha akaniambia kitu ambacho hakuwahi kukisema mbele ya mama wala mbele ya dokta. Anataka mtoto. Hedhi imerudi baada ya siklofosfamidi na hajui mlango utakaa wazi muda gani.

Mtoto hakuwemo hata kwenye jedwali moja nililochora.

Ukiingiza mtoto, safu zote zinapangika upya. Metotreksati na mikofenolati zinatoka kabisa, zinaharibu mimba na kulemaza kichanga. Azathioprini inabaki, wanawake wenye figo za kupandikizwa na wenye lupasi (ugonjwa mwingine wa kinga) wamezaa wakiwa wanaimeza kwa miongo mingi na madaktari wanaikubali kwenye ujauzito. Rituksimabu ni jambo la kupangia: karatasi ya dawa inataka mwanamke azuie mimba hadi miezi 12 baada ya dozi ya mwisho, wataalamu wengine hulegeza hilo kwa mgonjwa anayeihitaji sana, lakini ikitolewa mimba ikiwa kubwa inavuka kwenda kwa mtoto na anaweza kuzaliwa hana seli B za kutosha. Na upande wa pili ugonjwa ukirudi ukiwa mjamzito ni hatari kwa wote wawili, kwahiyo huwezi kusema basi tuchukue nyepesi tu. Kuna hatari kila upande, ila yeye ndiye anayejua ipi anaweza kuibeba.

## Ini na mapafu

Kuna kitu kingine ambacho kwetu hakiwezi kuachwa. Rituksimabu inaweza kuamsha homa ya ini B iliyolala, na ikiamka inaweza kuua, ndiyo maana kipimo ni lazima kabla ya dripu ya kwanza. Huku kwetu virusi hivyo vimejaa na wengi hawajui kama wanavyo. Na dawa zote hizi zinashusha kinga kwenye nchi ambayo TB ipo kwenye daladala. Seli B zikiondolewa, chanjo nyingi hazishiki, na kwa wengine kingamwili za kawaida zinashuka taratibu kwa miaka. Wakati wa Korona watu wa rituksimabu duniani kote waliumia kwa hili.

Azathioprini nayo ina yake. Inaweza kushusha chembe nyeupe ghafla, hasa kwa mwenye upungufu wa kimeng'enya cha TPMT, inasumbua ini, na haipatani kabisa na alopurinoli ya gauti. Kwahiyo damu inapimwa mara kwa mara. FBP, kile kipimo cha chembe za damu, sio hiari.

## Tulichokubaliana

Bado naamini rituksimabu ni dawa yenye nguvu zaidi ya kumshikilia mtu mwenye ugonjwa huu, na ningekuwa mimi ndiye mgonjwa, na hela ipo, ningeichagua bila kusita. Na inaniuma kwamba neno hela limo kwenye sentensi hiyo. Nakala zake za makampuni mengine zimeshaingia sokoni na bei inashuka, lakini kwa familia nyingi bado ni kiwanja.

Dada amechagua azathioprini. Amechagua mwenyewe, akijua 5 na akijua 29. Dokta alimsikiliza habari ya mtoto, akasema basi tupange hivi: vidonge kwa miaka minne sio miwili, prednisoloni ndogo, hamna kubeba mimba mpaka ugonjwa uwe umekaa kimya angalau miezi sita mfululizo, mkojo na kreatinini (kipimo cha figo) kila kliniki, na ugonjwa ukinyanyua kichwa hata kidogo hatujadiliani tena, tunaenda rituksimabu. Kwa ajili ya siku hiyo tumefungua kikoba cha watu sita wa familia, mjomba ndiye mweka hazina, na kiwanja kipo.

Homa ya ini B amepima, hana, kwahiyo ameanza chanjo sasa hivi wakati seli B zake bado zipo. Azathioprini inaweza kupunguza nguvu ya chanjo kwahiyo akimaliza sindano tatu atapimwa kama imeshika. Mimi na mama tumechanja naye siku moja.